Neno Moja, Hitilafu Tano: Dhana ya "Mtandao" na Misingi ya Mawasiliano ya Simu kwa Mfanyabiashara wa Nyakitonto

Ikisiri

Makala hii inafafanua misingi ya mawasiliano ya simu kwa mfanyabiashara asiye fundi, kwa kuanzia kwenye kauli anayoisikia mara nyingi kuliko zote: "hakuna mtandao". Inaoneshwa kwamba neno *mtandao* katika Kiswahili cha Tanzania linabeba walau maana tano za kiufundi, na kila maana inahusu pingili tofauti ya mnyororo unaounganisha simu ya mkononi na fedha, ujumbe au sauti inayosafirishwa. Kwa kuwa hitilafu katika kila pingili ina dawa yake, mtu asiyezitofautisha maana hizo hupoteza muda, na wakati mwingine hupoteza fedha. Mifano imejengwa juu ya mazingira ya Nyakitonto, katika nyanda za juu za Kigoma. Makala inapendekeza pia maneno ambayo tayari yamo katika matumizi na yanayoweza kuzitenganisha maana hizo bila kubuni istilahi mpya.

1.0 Utangulizi

Kata ya Nyakitonto imo katika Wilaya ya Kasulu, kwenye nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, upande wa kuelekea Kibondo. Lugha ya nyumbani ni Kiha. Kiswahili ni lugha ya gulio, ya ofisi ya kata na ya menyu za simu. Kwa mzungumzaji wa Kiha anayefanya biashara, istilahi za Kiswahili zilizomo katika menyu na katika kauli za mawakala ndizo karibu maelezo pekee ya kiufundi anayoyapata. Kama istilahi hizo zina utata, hana kitabu kingine cha kurejelea.

Tuseme mnunuzi wa maharage amefika gulioni, magunia yamepimwa na mkulima anasubiri fedha zake kwa simu. Mnunuzi anapiga menyu, anaingiza namba ya siri, kisha kioo kinabaki kimya. Wakala aliye jirani anatamka: "Hakuna mtandao." Kauli hiyo ni ya kweli, lakini haimwambii mnunuzi afanye nini. Je, apande kilimani? Abadilishe laini? Asubiri saa moja? Atume tena? Katika uwezekano huo wa mwisho ndimo ilimo hasara, kwa sababu muamala wa kwanza huenda ulikwisha kupita.

Wataalamu wa istilahi wamezoea kulalamikia lugha inapokosa neno. Hali inayochunguzwa hapa ni kinyume chake: neno lipo, limeenea, na limefanya kazi nyingi mno.

2.0 Neno na asili yake

*Mtandao* limeundwa kutokana na kitenzi *tandaa*, kwa kiambishi ngeli *m-* mwanzoni na *-o* mwishoni. Ndugu zake ni *tanda*, *tandaza*, *utando* wa buibui na *mtande*, neno ambalo katika ufumaji lilitaja nyuzi zilizotandwa tayari kwa kufumwa. Picha ya msingi ni ya kitu kilichonyooshwa na kuenea juu ya eneo, chenye nyuzi zinazokutana. Picha hiyo ni sahihi kwa mawasiliano ya simu, ila inaeleza umbo la jumla tu, na umbo hilo linafaa kwa mambo mengi. Ndiyo maana katika siasa za Tanzania za miaka ya 2000 lilizuka neno *wanamtandao*, na hakuna aliyedhani kuwa linahusu minara.

Neno *simu* lina historia ya namna nyingine. Asili yake ni Kiajemi, ambako *sim* ni fedha, yaani madini, na pia waya. Katika Kiswahili *simu* ilitaja kwanza telegrafu. Kitenzi *piga*, tunachokitumia hadi leo katika *piga simu*, kinafaa zaidi kwa karani aliyekuwa akigonga kitufe cha telegrafu kuliko kwa mtu anayegusa kioo. Leo kitu kinachoitwa waya hakina waya, na wasemaji hawaoni tatizo lolote. Mabadiliko ya maana ya aina hii hayadhuru, kwa sababu maana ya zamani imekufa. Maana tano za *mtandao* zote zingali hai, tena hutumika katika sentensi zilezile na vinywa vilevile.

3.0 Mtandao kama mawimbi

Maana ya kwanza ni ile ya kauli "huku bondeni hakuna mtandao". Kinachokosekana ni mawimbi ya redio kati ya simu na mnara.

*Mnara* limetokana na Kiarabu, kwa maana ya mahali pa nuru, na Waswahili wa pwani walilitumia kwa mnara wa msikiti na wa kuongozea vyombo baharini. Mfanyabiashara anaweza kuishikilia maana hiyo ya nuru kama kielelezo, kwa kuwa mawimbi ya redio na mwanga ni jamii moja: yote husafiri kwa kasi ya kilomita 300,000 hivi kwa sekunde na, katika masafa ya simu, hupenda kwenda kwa mstari ulionyooka. Kilima hutupa kivuli. Katika nchi ya migongo na mabonde kama Buha, mtu aliye juu ya mgongo huweza kupata mawimbi ya mnara ulio mbali, ilhali aliye bondeni, karibu zaidi na mnara uleule, hapati kitu. Kwa hiyo, kwa hitilafu ya aina hii, kupanda kilimani ni dawa ya kweli. Kwa aina nyingine nne ni kujichosha.

Hapa hujitokeza neno jingine lenye mtego, *masafa*. Katika lugha ya kawaida ni umbali. Katika lugha ya redio ni idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde. Wasikilizaji wa zamani wanakumbuka *masafa mafupi* na *masafa ya kati*. Ajabu ni kwamba idhaa za masafa mafupi ndizo zilizotoka mbali zaidi, hata London, kwa kuwa mawimbi yake hurudishwa chini na tabaka za juu za anga. Kilichokuwa kifupi hakikuwa umbali wala mitetemo, bali urefu wa wimbi. Urefu wa wimbi na mitetemo huenda kinyume: mitetemo ikiongezeka, wimbi hufupika. Wimbi la megahezi 900 lina urefu wa sentimita 33 hivi. La megahezi 2,100 lina sentimita 14 hivi. Kwa simu za mkononi kanuni ya jumla ni kwamba masafa ya chini hufika mbali na huvumilia vizuizi, na masafa ya juu hubeba mzigo mkubwa wa data lakini huchoka mapema. Simu inayoonesha 4G sokoni na kushuka hadi 2G bondeni haijaharibika. Imeshika wimbi lililoweza kuifikia, na wimbi hilo linatosha kwa sauti, ujumbe na menyu ya nyota na reli.

Vistari vya mawimbi juu ya kioo hueleweka vibaya. Vinapima jinsi simu inavyousikia mnara, na mawasiliano yanahitaji pande zote mbili. Mnara una nguvu kubwa na antena ndefu, wakati simu hutoa, kwa GSM ya megahezi 900, wati 2 tu kwa kiwango cha juu kabisa. Hivyo simu huweza kuusikia mnara usioisikia yenyewe, na watu husema "namsikia ila yeye hanisikii". Simu iliyo mbali na mnara hupaza nguvu zake, na kwa hiyo betri yake huisha haraka. Mfanyabiashara anayeshinda mashambani akikusanya mazao na kulaumu betri huenda analaumu kitu kisicho na kosa.

Kuna hali moja ambayo vistari vimejaa na simu haitoki: siku ya gulio. Katika teknolojia ya kizazi cha pili kila mkondo wa masafa hugawanywa kwa zamu 8, na sehemu ya zamu hizo hutengwa kwa ajili ya kuendeshea mitambo yenyewe. Mnara wa kijijini wenye mikondo michache unaweza basi kubeba maongezi ya makumi machache ya watu kwa wakati mmoja. Gulio linapokusanya mamia, mnara hujaa kama basi. Neno la hali hii lipo na linatumika: *msongamano*. Dawa yake ni kufanya miamala mapema asubuhi au baada ya watu kutawanyika.

4.0 Mtandao kama kampuni

"Unatumia mtandao gani?" ni swali kuhusu kampuni. Kila kampuni ya simu hupewa leseni na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, na hutumia masafa iliyogawiwa. Kwa kuwa kampuni hazina minara mahali pamoja, "hakuna mtandao" kwa mwenye laini moja si "hakuna mtandao" kwa jirani yake. Wafanyabiashara wengi hubeba laini mbili kwa sababu hiyo, na wana haki.

Kwa nini sehemu fulani ikose mnara kabisa? Mnara hugharimu fedha nyingi kuujenga na kuulisha umeme, na Mkoa wa Kigoma kwa miaka mingi uliishi kwa jenereta za dizeli, nje ya Gridi ya Taifa. Pale ambapo wateja ni wachache au kipato ni kidogo, kampuni haina kishawishi cha kwenda. Ni kwa ajili ya maeneo ya namna hiyo ulipoundwa, kwa sheria ya mwaka 2006, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, unaotoa ruzuku ya kujengea minara vijijini.

*Laini*, kwa maana ya kadi ndogo ndani ya simu, ni mkopo kutoka Kiingereza uliokuja kukaa jirani na *laini* kwa maana ya ulaini. Kadi hiyo ni kitambulisho. Namba ya simu haimo ndani yake kama watu wanavyodhani. Imo katika rejista ya kampuni, ikiwa imefungamanishwa na kadi. Ndiyo maana kadi ikipotea mtu huweza kupewa nyingine yenye namba ileile, na ndiyo maana mhalifu akifanikiwa kujifanya wewe mbele ya kampuni huichukua namba pamoja na fedha zake. Tangu mwaka 2017 mteja nchini Tanzania anaweza pia kuhama kampuni na namba yake. Kwa hiyo tarakimu za mwanzo, ambazo wafanyabiashara huzitumia kukisia kampuni na gharama, zinaonesha namba ilikozaliwa na si lazima inakoishi.

Rejista hiyohiyo ndiyo inayojibu anapotafutwa mtu. Simu iliyowashwa hujitambulisha mara kwa mara, na kampuni huandika iko eneo gani. Mtu akikupigia, wito hutangazwa na minara ya eneo hilo tu. Simu ikizimwa kwa kawaida huaga, na rejista huandika kuwa haipo. Betri ikichomolewa, au simu ikiingia bondeni ghafla, haikuaga, na wito hutangazwa bure kwa sekunde kadhaa kabla sauti ya mashine haijasema kwamba mteja hapatikani kwa sasa. Upatanisho wa kisarufi katika tangazo hilo unastahili kutazamwa. Kiambishi ni *ha-* cha mtu, si *hai-* cha simu. Mteja anatangazwa kukosekana, ilhali kilichokosekana ni jibu la kifaa. Madeni mengi yamevuruga urafiki kwa sababu ya kiambishi hicho.

5.0 Mtandao kama njia nyuma ya mnara

Pingili ya tatu haionekani kwa mtumiaji, na kwa hiyo ndiyo isiyotajwa. Mawimbi kutoka kwenye simu huishia mnarani. Kutoka hapo sauti na data husafirishwa hadi mitambo ya kampuni, ambayo kwa kawaida iko katika miji mikubwa, kwa njia mojawapo kati ya tatu. Ya kwanza ni madishi ya mviringo yaliyofungwa mnarani, yanayotazamana na madishi ya mnara mwingine kilima kwa kilima. Ya pili ni nyuzi nyembamba za kioo zinazopitisha mwanga, na ya tatu ni setelaiti.

Nyuzi za kioo ndizo zinazoitwa rasmi *mkongo*, kama katika Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 2009. Magazeti huandika mara *mkongo*, mara *mkonga*, na wasomaji wengine huvuta picha ya pua ya tembo, picha ambayo si mbaya kwa mrija mrefu unaovuta kutoka mbali. Mwaka huohuo wa 2009 waya wa baharini wa SEACOM ulianza kazi, na ule wa EASSy ukafuata mwaka 2010, yote miwili ikitia nanga Dar es Salaam. Kabla ya hapo sehemu kubwa ya mawasiliano ya kimataifa ya nchi ilipanda kwanza hadi setelaiti iliyo kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta na kushuka tena, safari inayochukua takribani robo ya sekunde hata kwa kasi ya mwanga. Waliowahi kuongea na ndugu wa ng'ambo wakati huo wanakumbuka jinsi sauti zilivyogongana kwa ucheleweshaji huo.

Kwa mfanyabiashara jambo la kushika ni hili: vistari vya mawimbi havijui lolote kuhusu njia hii. Vinapima hatua ya mwisho tu, kati ya mnara na simu. Mkongo ukikatwa na mtambo wa kutengeneza barabara kilomita 100 kutoka gulioni, au dishi moja katika mfululizo likazimika kwa kukosa umeme, mnara wa kijijini utaendelea kung'aa na vistari vitajaa, lakini hakuna kitakachopita. Dalili yake ni kwamba watu wote wa kampuni moja katika eneo wanakwama pamoja, waliopanda kilimani na wasiopanda. Wakiwa wamekwama pamoja na watu wa kampuni nyingine, huenda kampuni hizo zimepanga njia moja, jambo ambalo ni la kawaida. Hapo laini ya pili haisaidii, na aliye na safari ya Kasulu mjini afadhali aende akalipie huko.

6.0 Mtandao kama intaneti

Vijana wanaposema "nimeingia mtandaoni" wanakusudia intaneti. Hii ni maana inayoelekea kuzimeza nyingine, na hapa lugha ya matangazo ya biashara huleta utata wa ziada.

*Kifurushi*, au *bando* kama wengi wanavyosema, kinapimwa kwa megabaiti na gigabaiti. Kasi hupimwa kwa megabiti kwa sekunde. *Biti* na *baiti* zimetofautiana kwa irabu tu, na baiti moja ni biti 8. Mfanyabiashara aliyeahidiwa megabiti 10 kwa sekunde na kutaka kupakua faili la megabaiti 80 asitarajie sekunde 8. Faili lake lina megabiti 640, na litachukua sekunde 64, tena kama hakuna mwingine anayeitumia njia hiyo. Aliyetangaza hakusema uongo. Mnunuzi hakujua kwamba irabu moja inagawanya kwa nane.

Neno *kasi* lenyewe limefunika mambo mawili. Moja ni wingi wa data unaopita kwa sekunde, na jingine ni muda ambao chembe ya kwanza ya data huchukua kufika. Lori la mahindi kutoka Kasulu hadi Kigoma mjini hubeba magunia mengi likichelewa. Bodaboda hufika mapema na gunia moja. Video huhitaji lori. Menyu ya malipo, ambayo hutuma herufi chache na kusubiri jibu, huhitaji bodaboda. Kwa hiyo mtu aliyenunua kifurushi kikubwa ili malipo yake yapite upesi amenunua lori kwa kazi ya bodaboda. Isitoshe, menyu zinazoanza kwa nyota na kuishia kwa reli hazitumii bando hata kidogo: hupita katika mkondo wa kuendeshea mitambo, na ndiyo sababu zinafanya kazi katika *kitochi* kisichojua intaneti. Programu ya malipo iliyomo katika simu janja hutegemea intaneti. Programu ikigoma, menyu huenda inapita.

Ujumbe mfupi nao hauhitaji intaneti, na humgusa mwanaisimu kwa namna ya pekee. Ujumbe mmoja una nafasi ya baiti 140, yaani biti 1,120. Herufi za kawaida za Kilatini hutumia biti 7 kila moja, ndiyo maana ujumbe hubeba herufi 160. Kiswahili kina bahati: hakina alama za juu ya irabu, na maandishi yake yote yanaenea katika orodha hiyo ya herufi za kawaida. Yote, isipokuwa mahali pamoja. Ritifaa iliyonyooka ya *ng'ombe* imo katika orodha. Ritifaa iliyopinda, ambayo baadhi ya simu janja na kompyuta huiweka zenyewe ili maandishi yapendeze, haimo. Ikitokea hata mara moja, na kama mfumo unaotuma hauisahihishi, ujumbe mzima huhamishiwa katika namna ya kuandika inayotumia biti 16 kwa kila herufi, na nafasi hushuka kutoka 160 hadi 70. Ujumbe ukizidi hapo hukatwa vipande vya herufi 67, kwa kuwa kila kipande hubeba maelezo ya kuungia. Tangazo la herufi 150 la mnunuzi wa ng'ombe, lililopaswa kulipiwa kama ujumbe mmoja, hulipiwa kama ujumbe tatu. Anayetuma kwa wateja 1,000 amelipia ujumbe 3,000 kwa sababu ya alama ambayo wahariri wengi hawaioni.

7.0 Mtandao kama daftari la fedha

Huduma ya kutuma fedha kwa simu ilianza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008. Kauli "mtandao wa pesa uko chini" inahusu pingili ya tano: mfumo wa kompyuta unaotunza hesabu. Hapa panahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu ndipo hasara inapotokea.

Fedha haisafiri ndani ya simu. Mnunuzi anapotuma, simu yake hupeleka ombi. Mfumo hukagua namba ya siri na salio, kisha katika daftari lake hupunguza mstari mmoja na kuongeza mwingine. Baada ya hapo hupeleka ujumbe kwa wote wawili. Hatua hizo zinaweza kukatika mahali popote, na mahali pa kukatika ndipo panapoamua matokeo. Ombi likipotea kabla ya kufika, hakuna kilichotokea, na kurudia hakuna madhara. Daftari likishaandikwa na jibu likapotea njiani, fedha imekwisha kuhama, ingawa kioo cha simu kinaonesha kimya kilekile. Mtumaji hawezi kuzitofautisha hali hizo mbili kwa kutazama simu. Anaweza kuzitofautisha kwa kuuliza salio au taarifa ya miamala ya mwisho kabla ya kurudia chochote, na mpokeaji naye aangalie la kwake. Ujumbe mfupi unaochelewa haukupotea. Hutunzwa katika kituo cha ujumbe na kujaribiwa tena hadi simu ipatikane au muda wake uishe, hivyo uthibitisho unaweza kufika saa mbili baada ya mkulima kwenda nyumbani akiwa amelipwa mara mbili.

Neno *salio* nalo lina matabaka. Kuna salio la muda wa maongezi, salio la kifurushi na salio la fedha, na kwa wakala kuna *floti*, ambayo ni salio lake mwenyewe la kuwawekea wateja. Wakala asiye na floti hawezi kupokea fedha taslimu, na asiye na taslimu hawezi kutoa. Isisahaulike kwamba "hakuna mtandao" hutumika pia kama adabu: ni rahisi kuutamkia umma kosa la mitambo kuliko kukiri kwamba droo iko tupu. Maana hiyo si ya kiufundi, na haihesabiwi katika zile tano, lakini mteja mwenye busara huijaribu kwa kuuliza kama kiasi kidogo kinaweza kutoka.

Kiswahili kina maneno ya kutosha kuzitenga maana zote tano, na yote yanasikika tayari: *mawimbi*, *kampuni*, *njia* au *mkongo*, *intaneti* na *mfumo*, ambao mawakala wengine huuita *sistimu*. Wakala anayesema "mawimbi hayapo" amemtuma mteja kilimani. Anayesema "mfumo uko chini" amemwambia asubiri na asirudie muamala. Kubadilisha neno moja katika mafunzo ya mawakala hakugharimu mnara.

Utata wa daftari na ujumbe ndio unaotumiwa pia na matapeli. Karibu kila mwenye simu Tanzania amewahi kupokea ujumbe unaomwambia ile hela aitume kwenye namba hii. Nguvu yote imo katika *ile*. Kioneshi hicho hudai kwamba mzungumzaji na msikilizaji wana jambo wanalolijua wote wawili. Asiye na deni hucheka na kufuta. Mnunuzi aliyeahidi kumlipa mkulima jioni hiyo ana *ile* yake kichwani tayari, naye huijaza pengo mwenyewe. Namba za ujumbe kama huo hutumwa kwa Mamlaka ya Mawasiliano kupitia 15040.

Aina ya pili ya utapeli huiga ujumbe wa uthibitisho. Ujumbe halali katika baadhi ya huduma huwa na kitenzi *Imethibitishwa*, chenye kiambishi *i-* kisicho na nomino yoyote ya kurejelea. Haisemwi ni nini kimethibitishwa wala na nani, na yeyote mwenye simu anaweza kuandika hivyo. "Muamala umethibitishwa", pamoja na namba ya muamala na salio jipya, ungekuwa na mtajwa, ingawa nao unaweza kuigwa. Kisichoigika ni mstari ulio katika daftari. Mkulima wa Nyakitonto aliyeoneshwa ujumbe kwenye simu ya mnunuzi, au aliyepokea wake kutoka namba ya kawaida, hajalipwa mpaka aingie katika menyu yake mwenyewe, aulize salio na kuliona limeongezeka, magunia yakiwa bado chini.